Papa Ameandikwa Daftarini

Kwenye maternele ya mtoto wetu, hapa Ibanda mjini Bukavu, daftari la karatasi limestaafu. Sasa daftari liko kwenye simu: madamu anampiga mtoto picha akicheza, anaandika mistari miwili mitatu juu ya alichokiona, kisha anawatumia wote walioandikishwa. Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa kwamba Ufaransa iliweka daftari la kufuatilia mtoto katika maternele zake tangu 2016, na kwamba kule New Zealand mama mmoja msomi, Margaret Carr, alikwisha fundisha walimu kuacha kumpa mtoto mdogo pointi na badala yake kusimulia anavyojifunza. Tukapiga makofi. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure mwaka 2019, lakini sisi wa maternele minervale tunaendelea kuilipa, basi shule ina haki ya kutubembeleza kidogo.

Fomu ya wapokeaji aliijaza mume wangu, kwa fahari zote. Alijiandika yeye, akaniandika mimi, akamwandika mama yake, tunayemwita Koko, na dada yake aliye Bruxelles. Huyo wa Bruxelles ndiye anayetumainiwa nyumba ikilegea. Wiki hizo alikuwa ameombwa dola za mabati, maana mvua ya Bukavu ilikuwa imeshazoea kuingia chumba cha Koko bila kubisha hodi.

Kura, yaani umeme, kwetu huja usiku, ikipenda. Bwawa la Ruzizi II tunalitumia na Rwanda na Burundi tangu 1989, na mto wenyewe unaanzia hapahapa mjini, lakini simu zetu hulala zimekufa mchana kutwa. Ndiyo maana siku ya mkasa Bruxelles ilisoma kabla yetu. Saa tatu za usiku taa ikawaka, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine.

Picha ilimwonyesha binti yangu amechutama kwenye kona ya jikoni la kuchezea. Mbele yake boksi, na chini ya boksi majani ya mparachichi yamepangwa kwa mpangilio. Madamu aliandika hivi: “Anajua kutumia kitu kimoja kwa niaba ya kingine: boksi ni gunia la makala, majani ni dola. Anapanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Nilipomuuliza za nani, akajibu: Za Papa, Mama asijue.” Chini yake shemeji yangu alikwisha andika tangu mchana: “Kaka, mabati bado wanauza?”

Mume wangu alisoma, akasoma tena, akasema watoto wa siku hizi wanaangalia sana televisheni. Televisheni hatuna. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikamwaga gunia zima karibu na mbabula, nikachakura hadi kucha zikawa nyeusi. Makala tu. Mwenyewe alikuwa amenitangulia wakati naosha vyombo.

Tangu usiku ule watu wazima tukawa na adabu za ajabu. Koko akawa anakunywa kasiksi yake amegeukia ukuta. Mume wangu akaanza kuniambia “tafadhali” mbele ya mtoto, kwa sauti ya kutosha kuandikwa. Binti yangu alituangalia tu, na mimi nikajua kila kitu kinahifadhiwa.

Aliyechoka kwanza ni Koko. Kilichomuuma ni kwamba madamu, aliyemfahamu mtoto juzi, sasa ndiye anayeeleza anavyokua. “Mukamwana,” aliniambia, “huyu mutoto nilimupima mimi.” Ni kweli. Ni yeye aliyembeba kwenda kituo cha afya kila mwezi, akamning’iniza kwenye mzani, tangu chanjo za mwanzo hadi ya surua ya miezi tisa. Fishi zake, na za kaka zake, anazo zote ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Kusoma hajui, lakini ule mstari wa uzito anausoma kwa kidole: hapa ilikuwa malaria, hapa mama yake alirudi kazini, hapa sambaza zilikuwa bei rahisi.

Basi siku moja asubuhi alijifunga kikwembe cha misa, akaubeba ushahidi wake, akateremka nao shuleni. Mimi nilifuata nyuma kwa heshima. Mbele ya madamu akafungua kopo, akavuta fishi ya mjukuu wa kwanza, na dola zikamwagika sakafuni.

“Za Papa zimehama!” akapiga kelele binti yangu.

Koko hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani, akamwita mjukuu waziokote pamoja. Na madamu, kwa mazoea ya kazi, akapiga picha. Usiku tukasoma: “Leo amehesabu noti kumi na nne bila kuruka hata moja. Anakumbuka vizuri mahali vitu vinapowekwa.” Shemeji yangu akajibu kwa kuuliza bati moja ni dola ngapi siku hizi, na Koko, ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye simu ile, akatuma sauti ndefu ya Mashi ambayo mume wangu alikataa kuitafsiri.

Mabati yalipigiliwa Jumamosi iliyofuata. Fundi alikataa noti moja, imechanika pembeni kidogo, na kwetu noti iliyochanika hata kidogo haipokelewi. Mume wangu anazunguka nayo mpaka leo kwa wabadilisha pesa, na bado hajampata wa kuipokea.