Deni Letu Limehama Nyumba

Hapa Houston wanaoniandikia barua ni wawili tu: mabenki, na mawakili wa ajali za barabarani. Ndugu zangu wote wako WhatsApp. Benki ndizo zimebaki na adabu ya bahasha. Zinakuja karibu kila wiki, karatasi nzito, jina langu limeandikwa bila kosa, jambo ambalo ofisi ya shule ya watoto imeshindwa mpaka leo. Ndani habari ni ileile: umeshakubaliwa hata kabla ya kuomba, riba asilimia 0 kwa miezi 18, tuletee madeni yako ya kwingine.

Tuletee madeni yako! Mimi nimekulia mtaa ambao mwenye duka alibandika ukutani kwamba mkopo leo hakuna, njoo kesho. Kukopeshwa kwenyewe ilikuwa vita. Leo mtu nisiyemjua ananibembeleza nimpelekee madeni niliyoyafanya kwa mwenzake.

Mimi barua hizo nilizichana. Baba watoto akafungua moja.

Deni lenyewe lilikuwa la dola 6,000, na sioni aibu kusema lilikotoka. Kwanza tulifiwa mwezi wa Desemba, na anayejua bei za tiketi za Dar es Salaam za Desemba hatauliza zaidi. Halafu kuna kamati za harusi. Kamati ya harusi ya Tanzania ikishajua una makazi Marekani, jina lako linatoka kwenye orodha ya wachangiaji na kuingia kwenye bajeti. Kitchen party, send-off, harusi yenyewe, na shukrani ya kuvunja kamati. Yote hayo yalikaa kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, na msidhani tulipatikana: wastani wa riba za kadi nchi hii umepita asilimia 20. Deni la 6,000 kwa riba yetu ile ya 24 linazaa kama dola 120 kila mwezi, nawe umelala.

Kwa hiyo sikatai, kwenye karatasi hesabu ya sifuri inavutia. Baba watoto alijaza fomu, wakampima krediti, kadi mpya ikaja, deni likahama. Jioni ile alikaa mezani amenyoosha miguu.

"Tumemaliza," akasema.

"Tumemaliza nini?"

"Ile kadi. Angalia mwenyewe." Akanisogezea simu. Kweli, sifuri.

"Na hii mpya je?"

"Hiyo ni nyingine."

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Kulihamishia mtaa wa pili hawakulitaja. Tena limenenepa njiani: limetoka na dola 6,000, limefika na 6,300, kwa sababu kuna ada ya kuhamisha ya asilimia 5. Wengine hutoza 3. Baba watoto aliita hiyo 300 "nauli".

Jumapili nikampigia mjomba wangu wa Tanga. Mjomba ni mfanyabiashara na ni mtu wa msikitini, neno riba halipendi hata likitajwa kwa kulaaniwa. Nilipomwambia kuna benki za Marekani zinakopesha bila riba alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Wamesilimu?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa wao wanakula nini, mwanangu?"

Swali hilo ndilo Baba watoto, mwenye shahada yake ukutani, hakuuliza. Nikarudi kutoka zamu ya usiku, nikaitafuta ile karatasi iliyokuja na kadi, iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi ya kuumiza macho, nikaisoma yote. Wanakula, mjomba. Wanakula na kusaza.

Ada wameshaichukua mlangoni. Kinachofuata ni kima cha chini cha malipo. Kwetu kilikuja dola 63, asilimia 1 ya deni, na Baba watoto akafurahi sana kuona deni limekuwa jepesi hivyo. Lakini kulimaliza ndani ya ile miezi 18 kunahitaji 350 kila mwezi, na namba hiyo hawakuiandika kwa herufi kubwa popote. Ukifuata kima cha chini, ambacho nacho kinapungua kadiri deni linavyopungua, siku ofa inakwisha bado unadaiwa zaidi ya dola 5,200, na hapo riba ya asilimia ishirini na kitu inaamka, imelala vya kutosha, ina njaa.

Halafu jaribu kununua mkate kwa kadi hiyo. Kwa kawaida kadi ya mkopo inakupa siku kadhaa za neema: ukilipa deni lote kwa wakati, manunuzi hayana riba. Ila ukiwa umebeba deni la kuhamishwa, kadi nyingi zinaifuta neema hiyo, na mkate unaanza kuzaa riba siku ileile, isipokuwa kama ofa inataja kwamba na manunuzi yamo. Tena ile 63 yako benki inaruhusiwa kuielekeza kwenye deni lisilo na riba, mkate ukaendelea kuzaa. Ni ile ziada unayolipa juu ya kima cha chini ndiyo sheria ya mwaka 2009 inalazimisha iende kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Asante, Obama, aliyeisaini, lakini ziada tutaitoa wapi na kamati za harusi hazilali?

Nikawa na hasira mpaka na anwani. Bahasha nyingi za namna hii zinatoka Sioux Falls, South Dakota, au Wilmington, Delaware, miji ambayo sijawahi kukutana na mtu anayetoka huko. Nikauliza kwa nini. Kumbe mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa pale ilipo makao yake. South Dakota wakaondoa ukomo wa riba, na mwaka 1981 Citibank ikapeleka huko biashara yake ya kadi. Delaware nao wakafuata. Ujanja wa kuwaita watu wahamishe madeni ulipamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale mabwana wawili, Richard Fairbank na Nigel Morris, walipokuwa Signet, benki ya Virginia ambayo kitengo chake cha kadi ndicho kilichokuja kuwa Capital One. Walitumia kompyuta kuchambua nani apelekewe barua gani. Maana yake kuna mashine mahali fulani iliyokaa ikamfikiria Baba watoto kwa makini kuliko nilivyomfikiria mimi nilipokubali posa.

Na mashine hiyo haikosei. Mwenzangu kazini, ambaye madeni yanamnyima usingizi kweli, aliomba akakataliwa: krediti yake haifai. Sifuri wanapewa wenye afadhali.

Riba sifuri ninayoijua mimi ni ya mchezo wetu wa akina mama. Kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Ada hakuna, maandishi madogo hakuna, kuna mwenyekiti tu. Ukichelewa, hakutumii faini. Anapiga simu kukusalimia, anauliza hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina, mpaka unalipa kwa aibu. Baba watoto anasema huo si mfumo wa fedha wa kisasa.

Mtu wa kisasa huyo ndiye aliyenirudisha kwenye ile kadi ya zamani, yenye sifuri. Sifuri kwake ni nafasi. Nimetoka kazini asubuhi, nimekuta boksi sebuleni, televisheni ya inchi 65.

"Umelipa kwa nini?"

"Ile kadi si ilikuwa imekaa tu?"

Sikusema neno. Nilichukua simu yake, nikaweka malipo ya dola 350 yakatwe yenyewe kila mwezi siku ya mshahara, nikachukua mkasi, nikaikata kadi ya zamani vipande vinne. Akaniambia nimeharibu krediti. Nikamwambia kukata kadi hakufungi akaunti, nimesoma, na kama anataka nimsomee nina karatasi hapa.

Mjomba akapiga tena, safari hii yeye mwenyewe, jambo la nadra kwa mtu anayependa kubipu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, binamu yako amejiingiza kwenye mikopo ya kausha damu, wanataka kuja kubeba pikipiki. Hebu muulize mumeo, hiyo benki yenu inapokea na madeni ya huku?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba watoto, macho kwenye inchi zake 65, akaitikia kwa sauti ya mtu wa ofisini: "Mwambie atume kiasi na jina la anayemdai."