Chombo Kinataka Sifa

Jeki ilidondoka katikati ya barabara ya Muheza huku mlango wa nyuma wa pikapu umefungwa vizuri kabisa. Nikasimama, nikairudia kwa miguu, nikaikuta imelala kwenye lami kama mbuzi aliyegongwa. Nikainama kuchungulia uvungu wa gari ili nijue imepita wapi, nikaona mawingu. Ndivyo nilivyopata habari kwamba pikapu yangu haina tena sakafu.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, urithi kutoka kwa baba mkwe. Marehemu aliamini kwamba baada ya hapo watu walisahau kutengeneza magari. Ukikaa naye barazani, hata kama umekuja kuazima ngazi, lazima akuhesabie: 404 imeshinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati aliyeendesha ni Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Tanzania. Alivyokuwa akisimulia ungedhani yeye ndiye aliyeshika ramani kiti cha pembeni. Tatizo ni kwamba katika mashindano hayo hakuna aliyebeba mbolea ya kuku. Mimi nimeibeba miaka kumi. Mbolea hiyo na chumvi ya pwani ya Tanga zilikaa chini zikagawana lile bati nusu kwa nusu.

Fundi wa kuchomelea alinitajia bei nikaomba kiti. Seremala mmoja wa Ngamiani akasema, "Bwana, hilo weka mbao." Akaleta paini ya Sao Hill, mbili kwa sita, vipande sita, akazibana ubavu kwa ubavu pasipite hata wembe, akapiga bolti. Kazi ya siku moja. Kilichochukua miezi mitano ni kuamua zipakwe nini.

Nilidhani ni swali dogo. Lakini sakafu ya pikapu ina dhiki ambayo kabati haliijui. Inapigwa jua kutwa, inanyeshewa, inaburuzwa majembe na mitungi ya gesi, na mbuzi wa Idi anaikojolea bila kuomba radhi. Chochote utakachoipaka kitahimili mambo mawili katika hayo na kusalimu amri kwa mengine. Hilo hakuna anayekuambia. Kila mtu anakuambia kilichomo dukani kwake.

Wa kwanza alikuwa fundi wa gereji. "Oili chafu tu, mjomba. Bure. Mchwa hagusi." Hakudanganya hata neno moja, mchwa hajagusa mpaka leo. Nikajaziwa debe, nikapaka kwa ufagio mchana mmoja, mbao zikawa nyeusi kama sufuria ya pilau. Nikasubiri ikauke. Siku tatu. Wiki. Nikigusa, kidole kinarudi cheusi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba oili ya injini haikauki hata ukiisubiri mpaka mjukuu wako aoe. Inazama kidogo, inayobaki inakaa juu inangoja nguo.

Nguo haikuchelewa. Jirani alikuwa anamuoza binti yake, akaniomba nimbebee godoro la bi harusi: jipya, jeupe, limefunikwa karatasi ya nailoni ambayo mimi, kwa ushauri wangu mwenyewe, niliitoa ili isipeperuke. Tulipolishusha lilikuwa na mistari sita mgongoni, imenyooka kama imepigwa rula. Mashangazi wa bi harusi walisimama mlangoni wakalitazama. Mmoja akauliza, kwa upole unaotisha, kama ni zawadi kutoka mbugani. Nililipa godoro, na harusini nikala nimesimama.

Seremala akacheka mpaka akakaa chini. Akafungua bolti, akazigeuza mbao upande msafi, akapiga randa na msasa, akaja na kopo la vanishi yenye rangi ya mninga. Nakiri nilidanganyika. Paini ikipakwa kitu kile inajisahau kabisa. Hata mimi niliyeinunua nilianza kuiambia mitaa yote kuwa ni mninga. Mikono mitatu, na baina ya mkono na mkono msasa laini. Ilipokauka nilikuwa na meza ya sebuleni yenye injini. Watu walikuja kujitazama meno. Makuli walipofika kupakia, nikawaambia wavue viatu. Wakatazamana, wakavua, na bei ikapanda.

Safari ya kwanza ilikuwa kufuata machungwa Muheza. Shemeji alisisitiza kukaa nyuma kuyalinda, juu ya tenga lililogeuzwa. Sasa, vanishi ina jambo moja ambalo ukiwa seremala wa makabati huna haja ya kulijua: inateleza. Nilipokanyaga breki, shemeji na tenga lake wakaja mpaka kwenye kioo cha nyuma yangu tukatazamana. Nilipokanyaga mafuta wakaenda zao mpaka kwenye mlango wa nyuma. Kutoka Muheza hadi Pongwe alikuja na kuondoka mara kumi na nne, kila mara akisema neno moja ambalo kwa sababu ya upepo sikulisikia, na kwa sababu ya heshima sikumuuliza.

Kuhusu Tanga watu husema waja leo, waondoka leo. Sijawahi kuona kitu kilichoutii msemo huo kama ile vanishi. Masika yalipoingia, maji yalipita kwenye matundu ya bolti na kwenye ncha za mbao zilipokatwa, yakafika chini ya vanishi, yakakosa njia ya kutoka. Mbao zikavimba. Kwa kuwa zilibanwa pasipite wembe, hazikuwa na pa kwenda ila juu. Asubuhi moja nikakuta sakafu imeinuka katikati, nundu kamili, nikawaza kwamba hatimaye Ngamiani imepata ngamia wake. Jua liliporudi likamalizia. Vanishi ile ilikuwa ya ndani, ya viti na makabati; jua linapita ndani yake kama linavyopita kwenye kioo na kuuchoma uso wa mbao, kisha vanishi inabaki imeshika kitu ambacho hakipo. Ikaanza kubanduka vipandevipande. Nilikuwa nachuna gari kama mtu anayemenya yai.

Duka la rangi wakaniambia linsidi. Muuzaji, kijana mwenye subira, alinieleza vizuri: mafuta haya yanaingia ndani ya mbao, hayatengenezi ngozi juu, na tofauti na oili ya injini yenyewe hukauka. Paka kidogo, ngoja robo saa, futa yote iliyobaki juu. Nilisikia "paka". Hayo mengine niliyaona ni ya mtu anayetaka kopo lake lidumu. Nikamimina.

Linsidi isiyofutwa haikauki, inageuka asali. Kwetu kuna msufi mkubwa nyuma ya nyumba, na ulikuwa msimu wa kupasua sufi. Upepo ulivuma usiku kucha. Asubuhi pikapu ilikuwa na ndevu. Ndevu nyeupe, ndefu, za heshima. Watoto wa madrasa waliokuwa wakipita nusura waiamkie.

Nikachukua matambara nikafuta, nikafuta tena, nikayakunja yote bonge moja, nikayatia kwenye ndoo ya plastiki kando ya banda la kuku, nikaenda kulala nimechoka kama niliyelima. Usiku wa manane mke wangu akanigusa bega.

"Mume wangu."

Akiniita hivyo najua kuna kesi.

"Mume wangu, umerudia sigara?"

Nimeacha mwaka wa tatu. Nikaapa. Akanusa. Nami nikanusa. Tukatoka na tochi, tukakuta ndoo imeyeyuka nusu, matambara yanawaka moto mdogo wa kistaarabu, na kuku wamejipanga mbali nao kama watu kwenye daladala inayotoa moshi. Nilimwaga maji. Kisha nikasimama gizani nikijaribu kumweleza mwanamke mwenye akili timamu kwamba tambara lilijiwasha lenyewe.

Na lilijiwasha! Linsidi haikauki kama maji yanavyokauka. Inashikana na hewa, na katika kushikana huko inatoa joto. Tambara likianikwa wazi kwenye kamba joto linapotea. Likikunjwa bonge joto linajikusanya mpaka linawaka. Imeandikwa kwenye kopo, kwa herufi ndogo, upande ambao nilikuwa nimeumwagia linsidi. Mke wangu alisikiliza maelezo yote haya mpaka mwisho. Akasema, "Sawa." Kesho yake akanipekua mifuko.

Sahare nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, kununua ngogo. Ufukweni palikuwa na mashua imepandishwa juu ya magogo, na mzee mmoja anaipigia kalafati, anashindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatua nyundo, akaizunguka pikapu yangu polepole kama daktari wa ng'ombe. Akapiga ubao kwa kidole.

"Mwanangu, chombo chako hiki kinataka sifa."

Nilifarijika. Miezi mitano hakuna aliyeniambia neno jema. "Kwa kweli mzee, linajitahidi," nikasema. "Injini yake haijawahi kunilaza njiani. Na 404 hizi, unajua, mwaka 1963..."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akanishika mkono akanipeleka kwenye debe lililofunikwa gunia, akalifunua. Sikuhitaji maelezo zaidi, ingawa machozi yalinizuia kuona vizuri. Sifa aliyoisema ni mafuta ya maini ya papa. Hayo ndiyo yanayopakwa mashua juu ya maji. Sehemu inayozama hupakwa shahamu iliyokandwa na chokaa.

"Vanishi ni ngozi," akaniambia. "Ngozi ikipasuka ni kidonda. Hii haina ngozi, itapasuka nini?" Halafu akanikemea kuhusu zile mbao zilizobanwa: nizitenganishe upana wa shilingi, maji yapite yaende zake. Mashua inazibwa kwa sababu maji yako nje, wewe maji yako ndani, unamzibia nani?

Nikamuuliza swali nililowauliza wote, itadumu muda gani. Fundi wa gereji alisema milele, seremala miaka mitano, kijana wa duka la rangi miaka miwili. Mzee akanitazama kama niliyeuliza chakula cha mchana kitadumu muda gani.

"Mpaka utakapopaka tena."

Nikapaka. Ni mwezi wa tisa sasa, na mbao hazijanyanyuka wala kupasuka. Maji yakimwagika yanajikusanya matone na kupita kwenye mianya. Kila baada ya miezi mitatu napita na tambara, kazi ya nusu saa, na tambara naanika. Wa harusi hawaniiti tena, lakini wachuuzi wa samaki wananipigania. Wanasema gari langu peke yake ndilo linalonuka kuliko mzigo.

Juzi tulikuwa tunapanda na mke wangu kuelekea Chumbageni, vioo vimefungwa mpaka juu, yeye amejifunika pua kwa ncha ya mtandio. Nikapunguza mwendo kwenye tuta. Nikaona anatazama kioo cha pembeni, midomo inahesabu.

"Wangapi leo?" nikauliza.

"Saba," akasema. "Na yule wa kijivu ana mimba, usikimbize."