Steiphenson wa Wapi Huyu?

Nyoo! Eti muziki wa Burundi haujawahi kuvuka mpaka. Nani kakudanganya? Dogo, punguza hiyo simu yako inayopiga kelele, vuta kigoda, mimina kahawa. Hapa mtaani Buyenzi kila ligala, yaani kijiwe, lina mjuzi wake wa mpira na mjuzi wake wa mahali petroli ilipofichwa. Leo nipeni zamu, mimi nizungumzie santuri.

Mwaka 1967 ufalme ulikuwa umekufa juzijuzi tu, Rais Micombero kauzika Novemba 1966. Ndipo wakaja Michel Vuylsteke na Charles Duvelle na vinasa sauti vyao, wakawarekodi abatimbo, wapiga ngoma wetu. Mnaijua ngoma ile: Inkiranya katikati inaamuru, Amashakwe zinashikilia mwendo bila kupumzika, Ibishikizo zinamfuata mkubwa. Mwaka uliofuata santuri ikatolewa na Ocora ya Ufaransa. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Wametuwekea kumbukumbu, ahsante yao.

Ugomvi wangu unaanza 1971. Mfaransa mmoja mpiga piano, Michel Bernholc, akaichukua rekodi ileile, akaipachika gitaa na kinanda juu, akaiita "Burundi Black". Na msanii aliyeandikwa ni nani? Burundi Steiphenson Black! Steiphenson wa wapi huyu? Wa Kamenge? Wa Gishora? Mshh! Jina la kubuni limekaa pale kwenye lebo, na waliotoka jasho hawana hata herufi moja. Uingereza wimbo ukapanda hadi nafasi ya 31.

Mwimbaji Joni Mitchell naye, mwaka 1975, akaitia rekodi hiyo ya Ocora ndani ya "The Jungle Line". Disko ilipoanza kuwachosha watu, vijana wa London wakawa wanatafuta kitu cha kuwatikisa. Malcolm McLaren, yule meneja wa Sex Pistols, akamsikilizisha mwimbaji Adam Ant mdundo wetu, kisha huyohuyo akamnyang'anya wapigaji wake na kuwaundia bendi ya Bow Wow Wow. Adam hakulia. Akatafuta wapiga dramu wawili badala ya mmoja, na albamu yake "Kings of the Wild Frontier" ikauza kuliko zote Uingereza mwaka 1981. Mwaka huohuo "Burundi Black" yenyewe ikachanganywa upya na kurudi kwenye madansi.

Dogo ananiuliza, kwani mdundo una mwenyewe? Ego, swali la akili hilo. Watu huwatia wote kapu moja, mimi nawatenga. Adam alisikia, akaenda kupiga kwa mikono ya watu wake. Huko ni kuiga, na sisi tumeiga rumba ya Wakongo mpaka tukaiona ya kwetu. Lakini aliyechukua sauti yenyewe, mikono yenyewe ya wazee wale, akaiuza kwa jina la Steiphenson, huyo ni habari nyingine. Robert Palmer wa New York Times aliliandika jambo hilo 1981: fedha za santuri ile hazikuwafikia wapigaji.

Mwaka mmoja baadaye wenye ngoma wakaenda Uingereza wenyewe. Shepton Mallet, Julai 1982, tamasha la kwanza la WOMAD. Bendi ya Echo and the Bunnymen ikapanda nao jukwaani, na Waingereza wakaona kwamba ngoma ile ina watu, watu wanaoruka juu, waliovaa nguo za rangi ya bendera yetu. Laiti ningekuwepo!

Sasa msinitazame hivyo, mnadhani nitaishia kwa wazungu. UNESCO ilituandika kwenye orodha yake ya urithi 2014, tukapiga vigelegele. Oktoba 2017 likatoka agizo la rais: wanawake wasipige ngoma hiyo, na atakayetaka kuipeleka kwenye shughuli isiyo ya serikali aombe ruhusa wizarani na alipe ada. Kijana wa mtaa huu akitaka ngoma kwenye harusi ya dada yake, aanze na karatasi.

Mama wa maandazi anacheka peke yake pale. Anauliza, Steiphenson akija leo ataruhusiwa? Nimemwambia ataruhusiwa bila shida, mama, si mwanamume? Alipe ada tu.