Nguo za Sultani wa Kilwa

Wazo lilitoka kwa mwalimu mmoja wa Kilwa Masoko: sikukuu ya Idi vijana waigize ile hadithi ya mfalme aliyetembea uchi akidhani amevaa, aliyoiandika Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Wazee wakakataa papo hapo. Mfalme uchi, siku ya Idi, mbele za wakwe? Mmoja wao akasema Kilwa inaye sultani wake aliyetoa nguo, na akazitoa kwa heshima zake.

Ni kweli. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri wa Yemen akamsimamisha: nipe nguo ulizovaa. Nitakupa. Sasa hivi? Sasa hivi. Akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akamwachia zile alizovua. Fakiri akazifunga kitambaani, akajitwika, huyoo! Kwangu mimi Andersen hapa kashindwa. Mfalme wake alivuliwa na ujinga. Wetu alijivua mwenyewe.

Basi tukakubaliana kumwigiza sultani huyo, nami nikakabidhiwa mavazi. Wareno walipofika mwaka 1500 waliwakuta watu wa Kilwa katika pamba laini na hariri. Mfuko wetu haukufika huko. Shangazi aliyejitolea vitambaa akaleta doti ya khanga. Nikamweleza kwamba khanga ni za karne ya 19, sultani ni wa karne ya 14. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kwani atakuja kukagua?" Basi sultani akafungwa khanga kiunoni, na jina lake la kumsuta jirani likisomeka hadi safu ya nyuma. Kilemba hakikuwa na dosari, maana kilifungwa na mzee anayewafunga maharusi. Joho tuliazima. Lilipofika, lilikuwa la mahafali ya chekechea, na sultani wetu ni mvuvi wa miraba minne.

Mambo yalikwenda hadi kwenye "Sasa hivi?" Nyumba ya khatibu ilikuwa turubai lililofungwa baina ya minazi miwili. Kusi ikalibeba. Sultani akabaki peupe, joho limemkwama kichwani halipandi wala halishuki, na kifuani jezi nyekundu. Hadithi ya Andersen ina mtoto anayepasua ukweli. Wa kwetu hakuwamo katika igizo, alikuwa amekaa mbele anakula ubuyu.

"Mama! Sultani ni Simba!"

Nusu ya uwanja vigelegele, nusu zomeazomea. Fakiri, Yanga wa kuzaliwa, akakataa kuzipokea nguo. Nilimkonyeza, nikamkunjia uso, wapi! Akatangaza kwa sauti kwamba ni heri abaki fakiri.

Ibn Battuta anasema mtoto wa sultani alizichukua zile nguo akamfidia fakiri watumwa kumi, na sultani akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa tulikuwa tumewaondoa mapema. Kilwa Kivinje na habari zake za biashara ya watumwa iko jirani mno, na hilo si la kuchekea. Pembe tulizichonga kwa mihogo. Fakiri aliposikia kuna mihogo akalegeza msimamo, lakini mbuzi walikwisha kumtangulia.

Mwakani tunarudia. Mwenye joho la mtu mzima tunaomba atuazime, na anayemjua mvuvi wa Kilwa asiye na timu atuletee.