Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli: Tumeamua Kujinunulia Treni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli la Kenya,
Nairobi.

MINT: KICHWA CHA TRENI YA MVUKE, MTUMBA, KWA MATUMIZI YA KISII NA NYAMIRA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Huku milimani chai imechumwa, ndizi zimeshushwa sokoni Daraja Mbili, na tunajivunia rekodi ambayo hakuna kaunti yenye stesheni inayoweza kuifikia: tangu Gusii, nchi yetu ya Kisii na Nyamira, iwe Gusii, hakuna treni iliyowahi kuchelewa hapa.

Nakuandikia mapema ili usije ukasikia habari hii kwa wambea. Wanachama wa chama chetu, ambao hapo awali walikuwa wakinunuliana viti vya plastiki na sufuria, wamekubaliana kununua kichwa cha treni. Usishtuke, si kikubwa. Reli yake ina upana wa inchi saba na robo, yaani milimita 184. Reli yenu ya zamani ni milimita 1,000 na ile mpya ya Mchina ni 1,435, kwa hiyo hatuna nia ya kuwanyang'anya biashara.

Huenda ofisini kwako hawajui kwamba vitu hivi vipo, basi nieleze. Kule Uingereza kuna wazee, wengi wao mafundi waliostaafu, wanaojifungia katika vibanda vya nyuma ya nyumba na kuunda vichwa vya treni vidogo kwa miaka mingi. Si vya plastiki, wala havitumii betri. Vinakula makaa, vinachemsha maji, vinapiga honi, na chenye upana tunaoutaka huvuta watu wazima kumi na zaidi waliokalia mabehewa kama wapanda farasi. Mzee akifariki au magoti yakigoma, watoto wake hawana pa kukiweka, nacho hupigwa picha upande wenye rangi nzuri na kupelekwa kwenye mnada wa mtandaoni. Hapo ndipo tulipokiona, kijani, kina bomba la shaba linalong'aa, na maelezo yake yanasema kinauzwa kama kilivyo.

Utauliza kwa nini tusisubiri. Swali zuri. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Baadaye matawi yakachipuka kwenda Thika, Magadi, Kitale, Nanyuki, Nyahururu, hata Butere. Gusii tukaambiwa milima ni mingi. Ni milima hiyohiyo ambayo haikuwazuia wanajeshi wa Mwingereza: mpiganaji wetu Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, ofisa wa utawala wa kikoloni, Januari 1908, msafara wa kulipiza kisasi ulipanda huku upesi sana bila kuomba upembuzi yakinifu. Mazao yetu ndiyo yaliyoona milima. Yaliteremshwa hadi gati za Kendu Bay na Homa Bay, yakapakiwa kwenye meli za shirika la reli, yakavuka hadi Kisumu kukutana na treni. Sisi pengine ni kabila la pekee lililojua reli kama chombo kinachoelea.

Uhuru ukaja, nao ukapita na mabehewa yake. Mei 31, 2017 mkazindua Madaraka Express kutoka Mombasa hadi Nairobi, tukashangilia mbele ya runinga. Oktoba 2019 reli hiyo ikasogea kilomita 120 zaidi kwa takriban shilingi bilioni 150, ikafika Suswa, ikatazama nyika, ikaketi. Katika ramani mliyoichora, kipande kinachofuata kinatoka Naivasha, kinapita Narok na Bomet, kinagusa Nyamira, kisha kinateremka Kisumu. Watu wa Nyamira wanashukuru kwa kuguswa. Watu wa Kisii wao watasikia honi, upepo ukiwa mwema. Mwaka 2025 tukaambiwa tena kwamba kazi iko karibu kuanza, na neno "karibu" tunalifahamu vyema, kwa kuwa hata makondakta wa matatu hulitumia wanapongoja viti vitatu vya mwisho vijae.

Nirudi mnadani, maana ndiko kwenye mashaka. Mnada wa mtandaoni hauna dalali wa kukukazia macho wala jirani wa kukunong'oneza kwamba ng'ombe huyu anachechemea. Unatia dau lako, unaenda zako kulala ukiwa tajiri wa treni, halafu katika sekunde za mwisho mtu usiyemjua, labda yuko Wales, labda yuko Australia, anakupita kwa pauni tano. Ukishinda ndipo unaanza kulipa: ada ya dalali juu ya bei, kodi juu ya ada ya dalali, kreti ya mbao, meli, bima. Muuzaji anakueleza kwa upole kwamba mzigo utauchukua mwenyewe mlangoni kwake. Mwanachama mmoja alipendekeza tutume gari la Probox. Tulimweleza kuhusu bahari.

Sasa tuje kwa jambo linalokuhusu wewe, Mheshimiwa. Tuseme kichwa hicho, pamoja na bima na nauli ya meli, kinafika Mombasa kikiwa na thamani ya shilingi 800,000. Mamlaka ya Ushuru itadai asilimia 2.5 ya ada ya tamko la uagizaji, ambayo ni shilingi 20,000. Itadai kodi ya thamani iliyoongezwa, asilimia 16. Na itadai asilimia 2 ya Tozo ya Maendeleo ya Reli, yaani shilingi 16,000. Naomba usome sentensi hiyo tena polepole. Watu wasio na reli, wakijinunulia treni kwa sababu reli haijafika kwao, watatozwa pesa za kuendeleza reli.

Wala hatutakuwa tunaanza kulipa siku hiyo. Tozo hii ilianza mwaka 2013 ikiwa asilimia 1.5. Mwaka 2019 ikapanda hadi 2, mwaka 2023 ikashuka hadi 1.5, na Desemba 2024 ikapanda tena hadi 2. Kupanda, kushuka na kupanda tena: ndicho kitu cha reli pekee ambacho kimesafiri kwa mtindo wa barabara za Gusii. Hutozwa karibu kila kinachotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Simu ya kijana wa Ogembo imeilipa. Marobota ya mitumba yanayofunguliwa Keroka yameilipa. Vipuri vya bodaboda inayompeleka mama mjamzito Nyamira usiku wa mvua vimeilipa, na bodaboda yenyewe ndiyo reli yake. Mwaka 2025 Serikali ikatangaza mpango wa kukopa kwa dhamana ya makusanyo ya tozo hii. Kwa lugha ya chama chetu, mchango wa miaka ijayo umekwisha kupewa mwenzetu, na jina letu bado halijafika kwenye orodha.

Kuna pia utata wa forodha ambao tungependa mtusaidie. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, vichwa vya treni viko sura ya 86, na vitu vya kuchezea, vikiwamo vielelezo vidogo vya vitu vikubwa, viko sura ya 95. Ofisa akituweka sura ya 95, tutajua rasmi kwamba treni ya Gusii ni mchezo, jambo tulilolishuku kwa muda mrefu. Akituweka sura ya 86, basi, Mheshimiwa, Kisii itakuwa imepata treni kwa mujibu wa sheria za nchi, nanyi mtalazimika kuja kukata utepe.

Umri wa kichwa chenyewe unatutia hofu kidogo, kwa kuwa gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane, na hiki kimempita chifu wetu. Lakini nakumbuka kwamba nanyi hamwogopi uzee. Katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mmehifadhi Mount Gelai, namba 5918, moja kati ya vichwa 34 vilivyoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Tani 252. Hakukuwa na vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo duniani kwenye reli ya mita moja. Tulifikiri kuwaomba mtuazime, ila tukaangalia madaraja yetu, tukaamua kutoongeza msiba.

Kuhusu usalama, usiwe na wasiwasi. Muuzaji amekiri kwamba cheti cha boila kimekwisha muda, na hilo peke yake limeshusha bei. Boila ya namna hii hupimwa kwa kujazwa maji baridi pomoni, kisha maji hayo husukumwa hadi kipimo kifikie mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Maji hutumiwa kwa sababu hayashindiliki: chuma kikifunguka kitavuja tu na kulowesha viatu, ilhali mvuke ungetusambaza hadi Sondu. Baada ya hapo huwashwa moto, na vali za usalama hutazamwa kama zinapumua kwa wakati. Wataalamu wa kazi hiyo tunao. Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi ni viwanda vya chai vya hapa Nyamira, na chai hukaushwa kwa joto la mvuke unaotoka kwenye boila zinazolishwa kuni za mikaratusi mchana na usiku. Nyamira imekuwa na mvuke miaka yote hii. Kilichokosekana ni magurudumu.

Labda mhandisi wako atatikisa kichwa kwa sababu ya mteremko, na hapo atakuwa na haki. Treni ndogo ikipandishwa mwinuko unaozidi mita moja kwa kila mita hamsini huanza kuteleza na kuhema, nasi hapa tuna njia za ng'ombe zilizosimama kuliko hizo. Kwa hiyo tumekwepa ndoto za kutoka Kisii mjini kupanda hadi Keroka. Awamu ya Kwanza itakuwa mita 300 za tambarare pembeni mwa soko la Keroka. Awamu ya Pili tumeigawa A, B na C kama mlivyotufundisha, na tutaimalizia katikati ya shamba la mtu ambalo halina barabara, halina soko na halina mtu, kisha tutaita waandishi wa habari.

Tumechagua Keroka kwa makusudi. Mji huo umekaa juu ya mpaka, na tangu kaunti zianze mwaka 2013, Kisii na Nyamira zimekuwa zikivutana kuhusu nani akusanye ada zake. Stesheni yetu itamaliza ubishi. Kichwa kitasimama Kisii, behewa la mwisho litabaki Nyamira, na kila kaunti itamtoza abiria kulingana na upande aliokalia. Wenye tabia ya kusogea kwenye kiti safari ikiendelea watalipa mara mbili. Askari wa kaunti wamependa sana wazo hili, nasi tumeanza kuwa na mashaka nalo kwa sababu hiyohiyo.

Mizigo hatutakosa. Mawe ya sabuni ya Tabaka, yaliyochongwa kuwa viboko, sahani na watu wanaofikiri, yameuzwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na yote yalianza safari kwa lori. Mkungu mmoja wa ndizi utaenea kwenye behewa, miwili ukimshusha abiria. Tumepiga hesabu ya nauli, na ukitaka kujua kama mradi utajilipa wenyewe, jibu letu ni hili: faida si pesa peke yake.

Tunachoomba ni vitu vichache. Tupe barua inayosema kama tunahitaji leseni yenu, maana tukiwasha moto bila kibali tutakamatwa, na tukisubiri kibali kutu itatutangulia. Uiombe Mamlaka ya Ushuru isitutoze ile shilingi 16,000, kwa kuwa kichwa hiki kitakuwa maendeleo ya reli ya kwanza ambayo Gusii imeyaona kwa macho. Ikishindikana, basi mtutumie risiti inayoonyesha ni kiasi gani cha tozo kimekusanywa tangu 2013, kimejenga nini, na mkopo mpya utafika wapi kabla ya kwisha. Risiti hiyo tutaibandika ukutani Keroka, Kisii waisome asubuhi na Nyamira jioni.

Mnada unafungwa Jumapili saa nne usiku kwa saa zetu, na aliye mbele yetu kwa sasa ametuzidi kwa pauni thelathini. Tafadhali jibu kabla ya hapo, na katika jibu lako usiandike kwamba upembuzi yakinifu unaendelea.

Wako katika foleni,

Mlipa tozo, Nyamira.