Mwongozo wa Kupiga Kura Lupembe Bila Kupotelea Njiani

Jiandikishe. Ukimaliza, jiandikishe tena. Mkazi wa Lupembe, mkoani Njombe, aliyetaka kupiga kura zote za 2024 na 2025 alihitaji jina lake liwe sehemu mbili. Orodha ya kitongoji iliandikwa Oktoba 11 hadi 20, 2024, chini ya TAMISEMI, kwa ajili ya kuchagua wenyeviti wa vitongoji na vijiji Novemba 27. Rais, mbunge na diwani wana Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, mali ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kadi ya Tume haikukuingiza kwenye orodha ya kitongoji, na kuandikwa kitongojini hakukukupa kadi. Jirani aliyepanga foleni mara mbili usimcheke, ndiye aliyeelewa.

Sheria ya Tume ya 2024 imeitaja Tume kuwa msimamizi wa uchaguzi wa vijiji pia, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge. Sheria hiyo itungwe upesi. Mtu mmoja, daftari moja, inatosha kabisa.

Kisha kaa mahali pamoja. Kwa watu wa huku hilo ndilo gumu. Kijana anachuma chai Lupembe, mbao zikichangamka yuko porini anapasua, biashara ikimwita yuko Makambako njia panda, na Makambako ni jimbo jingine. Ukihama, usibebe godoro na masufuria tu, hamisha na taarifa zako kwenye Daftari. Tume ilipokuja kuliboresha, kila eneo lilipewa siku saba. Ni chache mno kwa mtu ambaye barabara yake mvua ikikolea haipitiki. Tangazo lisiishie ofisi ya kata. Libandikwe kwenye vituo vya kupimia majani ya chai, maana huko mkulima hafiki kwa kubahatisha.

Kadi imepotea? Uliyemo kwenye Daftari unaweza kutumia kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane. Kama Daftari linasema Mlowe na NIDA inasema Mulowe, shughulikia hiyo “u” mapema, siyo mlangoni mwa kituo.

Unataka jina lako liwe kwenye karatasi ya kura? Tafuta chama kwanza. Hata uwe mtu ambaye kijiji kizima kinamkimbilia panapotokea ugomvi wa mpaka wa shamba, bila chama hugombei. Mchungaji Christopher Mtikila, mwana wa Ludewa, mkoa wetu huuhuu wa Njombe, aliupigania ugombea binafsi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia, na Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo ili kuuzuia ugombea huo. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema suala ni la Bunge. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika kule Arusha ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya barabarani Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi, na sharti la chama lingalipo. Kushinda kesi kiasi hicho na bado ukaambiwa subiri, mimi naona ni dhuluma.

Chama chenyewe nacho kiangalie kalenda. CHADEMA haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili 12, 2025, ikawekwa nje ya uchaguzi wa Oktoba 29.

Badiliko moja lipokee kwa mikono miwili. Mwaka 2020 wabunge zaidi ya 20 walipita bila kupingwa, wapiga kura wao wakanyimwa hata nafasi ya kukataa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 inataka mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo ukisikia “huku mgombea ni mmoja, kaa nyumbani”, vaa viatu uende. Hapana yako ina kisanduku chake.

Siku yenyewe wahi. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wapishwe mbele bila kuombwa. Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa kituoni. Nenda na kalamu, nakili namba za kila mgombea, halafu jumla itakapotangazwa, anza na za kituo chako.