Kilima cha Mita 287

Sisi watu wa Moshi tuna ugonjwa wa kuamini kwamba kuuona Kilimanjaro kila asubuhi ukipiga mswaki ni sawa na kuupanda. Mjomba wangu anaugua sana. Alipotutembelea Uingereza tulimpeleka Dovedale, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo, ya mwaka 1951. Aliposikia "hifadhi ya taifa" akaulizia twiga. Tukamwonyesha kondoo.

Kisha tukamwonyesha Thorpe Cloud, kilima cha mawe ya chokaa chenye mita 287. "Mlima wenyewe uko nyuma ya hiki kichuguu?" akauliza.

Kukifikia, unavuka mto Dove kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini. Mjomba, na viatu vyake vya kanisani, alifika katikati akakutana na bibi mmoja mwenye mbwa. Mjomba kalelewa vizuri, akampisha. Juu ya jiwe la mtoni, kumpisha mtu ni kuingia majini, naye aliingia mpaka magotini, huku akiuliza hali za nyumbani. Bibi aliomba radhi mfululizo. Mbwa alipita kama diwani.

Njiani nilijaribu kumfariji. Nikamweleza kwamba jiwe la kilima hicho lilijijenga chini ya bahari ya vuguvugu zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati Uingereza ilikuwa karibu na ikweta; limetokana na viumbe wa baharini, sawa na mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe kule Zanzibar.

"Kumbe ni la kwetu," akasema, akihema. "Mbona halinionei huruma?"

Halikumwonea. Kileleni, buti za wapandaji zimelisugua jiwe kwa miaka mingi hadi linang'aa, na manyunyu yalikuwa yameanza. Mjomba aliteremka kwa makalio, taratibu, akitoa maelekezo kwa watoto wa shule waliokuwa wakimpita mbio. Suruali haikurudi Moshi.

Yeye amerudi, na anasimulia jinsi alivyopanda mlima Ulaya. Urefu hautaji. Ukimuuliza, anakohoa.

Wewe ukienda, vaa viatu vyenye soli ya meno, na mtu mwenye mbwa mwache avuke kwanza ukiwa bado ukingoni.